Miezi 36: Safari ya Kutoka Usa River Hadi Dirisha la Fao la Uzazi

Ukitoka Moshi kuelekea Arusha, ukishapita Kikatiti na Maji ya Chai, unafika Usa River. Ni mji mdogo uliotandazwa pande zote mbili za barabara kuu, wenye migomba, miti mirefu ya kivuli na mifereji ya maji yanayoteremka kutoka mlima Meru. Mlima huo, wenye urefu wa zaidi ya meta 4,500, ni wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro. Lakini mwezi wa Julai unaweza kukaa Usa River wiki nzima usiuone, maana ukungu huufunika kuanzia asubuhi hadi jioni na baridi huwafanya akina mama wavae sweta mbili mbili.

Nyuma ya miti hiyo kuna mashamba ya maua na mboga. Mabanda yake ya nailoni nyeupe hung'aa kwa mbali kama ziwa. Humo ndani mawaridi hukatwa, hufungwa mafungu mafungu, hutiwa kwenye maboksi na kusafirishwa hadi Ulaya, yakawekwe mezani kwa watu ambao huenda hawajapata kusikia jina la Usa River. Mikono inayokata na kufunga maua hayo, kwa sehemu kubwa, ni mikono ya wanawake. Wengi wao ni akina mama wenye watoto wadogo, au ni wajawazito.

Mpenzi msomaji, mama anayefanya kazi ya kuajiriwa namna hiyo hukatwa kiasi fulani cha mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Wengi wetu tukisikia Mfuko huo tunafikiria uzee tu. Tunasema, "Hizo ni pesa za bibi, nitazikuta nikizeeka." Kumbe ndani ya sheria yake mna fao la uzazi, ambalo humfikia mama angali kijana, wakati ule hasa anapohitaji mtori, nguo za mtoto na mtu wa kumsaidia kazi. Ila fao hilo halitolewi kwa huruma. Hutolewa kwa hesabu. Hesabu hiyo hukaguliwaje? Julai mwaka 2024 niliandamana na akina mama watatu wa Usa River waliokuwa wakienda Arusha kuuliza swali hilo hilo, na haya ndiyo niliyoyaona.

Siku ya soko Tengeru

Tulipanda daladala alfajiri ya Jumatano. Anayeijua njia hii anajua kwamba Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru, kwa hiyo hakuna kukaa kwa raha. Mikungu ya ndizi ilikuwa juu ya paa, kuku chini ya kiti, na konda akatuhimiza tusogee "kidogo tu, mama zangu" hadi pumzi ikawa taabu. Tulipita Makumira, kisha tukafika Tengeru, mahali ambapo abiria nusu walishuka na vikapu vyao.

Tengeru ina historia ambayo wengi hawaijui. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, karibu na ziwa Duluti palijengwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Makaburi ya baadhi yao yapo hadi leo na yanatunzwa. Nilipowaeleza wenzangu habari hiyo, mmoja alitikisa kichwa akasema, "Kumbe mama kuhangaika na mtoto ni jambo la mataifa yote."

Kuanzia Tengeru barabara ni pana, njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, na gari likaongeza mwendo. Kabla ya saa tatu tulikuwa mjini Arusha. Tulipita karibu na Mnara wa Saa, tukanunua chai na chapati kwa mama lishe mmoja, kisha tukaingia katika ofisi ya Mfuko.

Wenzangu sitawataja majina. Yatosha kusema kwamba wa kwanza alikuwa na mimba ya miezi saba iliyopita kidogo, akitarajia kujifungua mwanzoni mwa Septemba. Wa pili alikuwa katikati ya mimba, akitarajia kujifungua mwisho wa Novemba. Wa tatu mimba yake ilikuwa changa na haijaonekana, akitarajia kujifungua Januari. Wote watatu walifanya kazi katika eneo moja, na wote waliamini kwamba jibu la mmoja litakuwa jibu la wote. Haikuwa hivyo.

Maswali mawili ya kwanza

Karani aliyetupokea alikuwa dada mpole mwenye miwani. Aliamkia, "Shikamooni, mama zangu," kisha akaomba namba ya uanachama na kitambulisho cha kila mmoja. Kabla ya kufungua kumbukumbu alitueleza mambo mawili yanayotazamwa kwanza, nami ninayaandika hapa ili uyakate na kuyabandika ndani ya mlango wa kabati.

Jambo la kwanza: mama awe amechangiwa jumla ya miezi isiyopungua 36 tangu alipojiunga. Si lazima iwe imefuatana.

Jambo la pili: katika miezi hiyo, isiyopungua 12 iwe imo ndani ya miezi 36 ya mwisho kabla ya kujifungua. Maana yake Mfuko unataka kuona kwamba mama ni mwanachama wa sasa, wala si yule aliyechangia zamani akaacha.

Pamoja na hayo lazima pawe na hati ya daktari inayothibitisha kwamba mama ni mjamzito. Ndipo karani hufungua taarifa ya michango, yaani orodha ya miezi yote na kiasi kilicholetwa kwa kila mwezi, naye huihesabu mstari kwa mstari.

Nilitazama orodha hiyo ikitoka kwenye mashine. Ni karatasi isiyo na maneno mengi. Kuna mwezi, mwaka, jina la mwajiri na fedha. Lakini mama aliyeshika karatasi ile anasoma maisha yake yote humo: mwezi alioanza kazi, mwezi alioacha akauguza mtoto, mwezi alioajiriwa tena.

Mama wa kwanza: miezi iliyopotea

Mama huyu aliajiriwa Julai 2021. Hadi Juni 2024 ilikuwa miezi 36 kamili, na kila mwezi alikatwa. Alikuja na uso wa furaha kwa kuwa hesabu alikuwa ameifanya mwenyewe kwa vidole. Karani alihesabu mara ya kwanza, akahesabu mara ya pili, kisha akasema taratibu, "Mama, hapa ninaiona miezi 28."

Alinyamaza. Sisi tuliokuwa nyuma yake pia tulinyamaza. Miezi 8 imekwenda wapi?

Karani hakukimbilia kusema haiwezekani. Alimwuliza, "Umewahi kuwa na namba nyingine? Jina lako la kabla ya kuolewa ni lipi?" Hapo ndipo fundo la kwanza lilipofunguka. Mama huyu alipoanza kazi aliandikishwa kwa jina la baba yake. Alipofunga ndoa, miezi michache baadaye, mtu wa ofisi ya mwajiri alimwandikisha upya kwa jina la mume, akapewa namba ya pili. Michango ya miezi 3 ya kwanza ilikuwa imekaa salama kwenye namba ile ya zamani, ikimngoja mwenyewe. Alitakiwa kuandika barua na kuleta cheti cha ndoa ili kumbukumbu mbili ziunganishwe. Miezi 28 ikawa 31.

Ilibaki miezi 5, kuanzia Agosti hadi Desemba 2022. Hiyo haikuwepo kwenye namba yoyote. Mwajiri alikata fedha kwenye mshahara, lakini hakuzipeleka.

Hapa naomba mama mwenzangu usome polepole. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10, na nyingine anaitoa yeye. Ni wajibu wake kisheria kuziwasilisha zote ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi unaohusika kwisha. Mfanyakazi hapeleki mwenyewe, na kwa sababu hiyo hajui kama zimefika. Anaona tu kwamba amekatwa.

Tukapiga hesabu pamoja. Hata kama michango ya Julai na Agosti ingeingia kwa wakati, siku ya kujifungua angekuwa na miezi 33. Angekosa fao lote kwa ajili ya miezi 3, ingawa jasho la miezi hiyo alilitoa.

Kilichomwokoa ni bahasha. Mama huyu alikuwa na bahasha ya kaki, imekunjwa na kuchakaa, yenye hati zake za mshahara za kila mwezi tangu siku ya kwanza. Alikuwa anaziweka chini ya godoro pamoja na kadi za kliniki za watoto. Kwenye hati za Agosti hadi Desemba 2022 makato ya NSSF yalionekana wazi. Karani alizichukua, akatoa nakala, akatupeleka chumba cha pili kwa ofisa matekelezo, ambaye kazi yake ni kuwafuatilia waajiri. Ofisa aliandika malalamiko, akampa mama nakala yenye mhuri, akasema, "Nenda kazini kama kawaida. Kazi ya kudai ni yetu."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile niliona daftari likirudisha mali.

Mama wa pili: michango ya zamani na ya sasa

Mama wa pili alipofunguliwa kumbukumbu zake tulishangilia. Alikuwa na miezi 47! Alifanya kazi miezi 38 kuanzia mwaka 2015, akaacha ili kulea, kisha akarudi kazini Oktoba 2023. Lakini karani alihesabu tena kwa jicho la swali la pili. Katika miezi 36 ya mwisho, michango iliyokuwepo ilikuwa 9 tu, kuanzia Oktoba 2023 hadi Juni 2024.

"Basi nimekosa?" aliuliza.

"La, mama. Hujakosa, ila hujafika," karani alijibu. "Kinachotazamwa ni kabla ya kujifungua, si leo. Ukiendelea bila kukatika, mchango wa Septemba utakuwa wa 12, nawe unajifungua mwisho wa Novemba. Usiache kazi kabla ya hapo, na hakikisha kila mwezi umeingia."

Jibu hilo lilibadilisha mipango yake. Alikuwa amekusudia kuacha kazi mwezi wa Agosti kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Pale pale aliamua kwenda kwa msimamizi wake kuomba kazi ya kukaa, ya kufunga mafungu badala ya kukata.

Mama wa tatu: hapana yenye shukrani

Wa tatu alikuwa na michango mingi isiyo na tatizo. Maswali yote mawili aliyashinda. Lakini kumbukumbu zilionyesha kwamba alilipwa fao la uzazi mwaka 2022, kwa mtoto aliyezaliwa Oktoba mwaka huo. Fao hili hutolewa mara moja katika kila miaka mitatu. Kujifungua Januari 2025 kungekuwa mapema mno.

Kisha karani aliinamisha kichwa kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, "Samahani, mama. Mtoto yule, yu hai?"

Aliuliza kwa sababu sheria ina nafasi moja: kama mtoto alifariki ndani ya miezi 12 baada ya kuzaliwa, mama hangojeshwi miaka mitatu. Chumba kilikuwa kimya. Mama wa tatu alitabasamu. "Yu hai, dada yangu. Anakimbia, jana amevunja bakuli."

"Basi fao hakuna," karani akasema, naye akicheka. "Na tushukuru kwamba hakuna."

Jamani, nimewahi kuona watu wakinyimwa fedha, lakini sijawahi kuona mtu akinyimwa fedha huku kila aliyemo chumbani anafurahi. Mama yule alitoka mikono mitupu, na alikuwa mchangamfu kuliko sisi sote.

Tazama pia kiasi

Kuna jambo ambalo karani alilisisitiza kabla hatujaondoka. Kuwepo kwa mwezi kwenye orodha hakutoshi. Tazama na kiasi. Fao la uzazi hulipwa kwa wastani wa mapato ya mama kwa siku, asilimia 100, kwa wiki 12, yaani wiki 4 kabla ya kujifungua na wiki 8 baada yake. Wastani huo huchukuliwa kwenye mishahara ya miezi 6 kabla ya wiki ya 20 ya mimba. Kama wastani ni shilingi 6,000 kwa siku, siku 84 ni shilingi 504,000.

Sasa, kama mwajiri amepeleka taarifa ya mshahara mdogo kuliko ule unaolipwa kweli, fao nalo litapungua. Namna ya kukagua ni rahisi. Chukua mchango wa mwezi mmoja ulioandikwa kwenye taarifa, wa kwako na wa mwajiri pamoja, uzidishe mara 5. Ukiona shilingi 36,000, mshahara uliotajwa ni 180,000. Je, ndio mshahara wako? Kama si huo, uliza mapema.

Usichanganye fao hili na likizo ya uzazi. Likizo yenye malipo ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: siku 84 kwa mtoto mmoja, siku 100 kama umejaliwa mapacha au zaidi. Fao hutoka kwenye Mfuko, chini ya sheria ya mwaka 1997 iliyouanzisha NSSF mahali pa ule Mfuko wa Akiba wa zamani, NPF. Mwajiri akikuambia "umeshapewa likizo, huko kwingine huna haki", mwulize kwa heshima ni sheria gani aliyoisoma. Aliye mtumishi wa umma, mahali pake pa kuuliza ni PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 baada ya mifuko minne kuunganishwa.

Mambo ya kufanya nyumbani

Tulirudi Usa River jioni, soko la Tengeru likiwa limekwisha na majani ya migomba yametapakaa kando ya barabara. Ndani ya gari akina mama wale walipanga kuwakusanya wenzao Jumapili alasiri, kila mmoja aje na hati zake za mshahara. Haya ndiyo waliyokubaliana kuwafundisha, nami nakushirikisha wewe:

Tunza kila hati ya mshahara. Usiifanye ya kuwashia moto wala kufungia karanga.

Omba taarifa yako ya michango angalau mara mbili kwa mwaka, ofisini au kwa simu. Usingoje mimba.

Ukiolewa na kubadili jina, peleka cheti cha ndoa, ubaki na namba ile ile moja. Usikubali kuandikishwa upya.

Ukihama mwajiri, mpe namba yako ya zamani siku ya kwanza.

Ukiona mwezi hauonekani, andika barua mara moja na udai nakala yenye mhuri. Miezi miwili hutafutika kirahisi kuliko miaka miwili.

Ukijua una mimba, hesabu mwenyewe: je, jumla itafika 36? Je, 12 imo ndani ya miezi 36 ya mwisho? Je, miaka mitatu imepita tangu fao lililotangulia? Kisha nenda ukaulize, na baba watoto aende nawe kama anaweza, maana mtoto ni wenu wote.

Na yule mama wa bahasha? Mwajiri alifuatwa, na katika wiki ya mwisho ya Agosti miezi 5 iliyokosekana iliingizwa. Alijifungua msichana Septemba. Fedha zilipotoka, sehemu ilinunua mbuzi wa maziwa na sehemu ililipa deni la dukani. Aliniambia kwamba hati za mshahara sasa haziko tena chini ya godoro. Ameziwekea sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo anao yeye.